Kilo Tisini na Moja

Mimi njo Aziza, muuza mchele wa mtaa wa Kasuku, na habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mji mzima wa Kindu wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema eti nilipigana na Parti. Uongo mtupu! Nani alikuwa na roho ya kupigana na Parti miaka ile? Mimi nilipigana na mtu mmoja tu, Sitwayeni Okito, yaani raia Okito, kama Parti ilivyotaka tuitane, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kiuno changu.

Wakati ule tulikuwa Zaire, chama kimoja tu nchi nzima, njo hiyo Parti. Kila mtaa ulikuwa na kikundi cha animasio, yaani wanawake wa kuimba na kucheza kumsifu Guide, rais wetu, kila mukubwa anaposhuka kwenye treni. Kukataa haiwezekani. Lakini sitadanganya, mimi nilipenda. Maneno ya nyimbo sikuyapenda, yalikuwa yale yale, Guide hapa, Guide pale. Nilichopenda ni ile nafasi ya katikati, mstari wa mbele, unaposimama peke yako, unaanzisha sauti, na wanawake arobaini nyuma yako wanaitikia. Nyumbani nilikuwa mama wa watoto sita. Sokoni nilikuwa mama wa mchele. Pale katikati nilikuwa Aziza. Nilikaa pale miaka mitatu na mwili wangu wote, na hakuna aliyelalamika.

Ndipo akaja Okito. Ni mtoto wa hapa hapa, zamani tulimwita Désiré, lakini majina ya wazungu yalipokatazwa akachukua la babu yake. Parti ilimpeleka Kinshasa miezi mitatu kusomea jinastiki, mazoezi ya viungo. Akarudi na filimbi shingoni, abakosti, lile koti la watu wa Parti, imembana tumboni hadi vifungo vinalia, na gazeti la wanawake wa Ulaya mkononi. Ndani ya gazeti mulikuwa na jedwali: upande mmoja urefu wa mwanamke, upande wa pili kilo anazoruhusiwa. Anazoruhusiwa na nani, gazeti halikusema.

Alitukusanya uwanjani. "Wamama," akasema, "kumebaki wiki saba. Komiseri wa jimbo anakuja kutoka Bukavu kwa sikukuu ya Parti. Mwanamke wa mapinduzi ni mwepesi. Mukubwa akitazama mstari wa mbele, macho yake yapumzike."

"Yapumzike juu ya nini?" akauliza Katungu, rafiki yangu, Munande muuza chumvi, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Juu ya uzuri, sitwayeni."

"Kumbe sisi ni kitanda!"

Tulicheka mpaka Okito akapuliza filimbi. Kisha akasoma sheria zake na kicheko kikaisha. Jinastiki kila alfajiri. Kupimwa kila Jumamosi. Mstari wa mbele, mwisho kilo sitini. Anayezidi atarudi nyuma, na anayezidi themanini atashika bendera pembeni, karibu na choo.

Nikanyoosha mkono. "Na wapiga ngoma watapimwa lini?" Wapiga ngoma walikuwa wanaume sita, mkubwa wao Sikuli, mtu mwenye tumbo linalofika kwenye ngoma kabla ya mikono yake.

"Wale wanapiga," Okito akajibu. "Hawatazamwi."

Jibu hilo lilinichoma, lakini siku hiyo sikujua bado kwa nini. Niliwaza jambo moja tu, kwamba nafasi yangu inaondoka.

Sasa, mizani ya kupima watu wazima Kindu ilikuwa wapi? Gare, kituo cha treni, kwenye stoo ya mizigo. Na msimamizi wa mizani ile alikuwa nani? Asumani, mume wangu wa ndoa. Miaka ishirini Asumani anapima magunia ya mchele na mapipa ya mawese, na kazi yake ina kanuni: ukisoma kilo, soma kwa sauti, mwenye mzigo asikie. Jumamosi ile tulipanga foleni nyuma ya magunia, nikapanda juu ya ile mbao, na mume wangu, mtu wa kanuni, akafungua kinywa.

"Aziza! Kilo tisini na moja!"

Gare nzima ilisikia. Mbeba mizigo mmoja akapiga kelele, "Mwongezeeni kakigunia, itimie mia!" Nilishuka pale nimeungua uso, na nyumbani sikusema naye siku mbili.

"Mama, ningefanya nini?" Asumani akalalamika siku ya tatu, maana hata chumvi nilikuwa siweki kwenye chakula chake. "Kanuni ni kusoma kwa sauti."

"Kanuni ya magunia!"

"Mizani haijui tofauti."

"Mizani haijui, na weye je?"

Akavuta sahani, akala bila chumvi.

Basi nikaamua kupungua. Ndiyo, mimi, Aziza, niliyewacheka wanawake wa gazeti lile. Nilitaka nafasi yangu, bwana! Nikaacha mawese, nikaacha wali, nikala sombe, majani ya muhogo, iliyochemshwa kwa maji matupu, chakula cha kuadhibu mtu. Okito alisema kukimbia kunasaidia, nikaamka asubuhi na mapema, nikafunga kikwembe, yaani kitenge, kifuani, nikaanza kukimbia kuelekea bandarini.

Hapo nilisahau ninaishi wapi. Kwetu mwanamke mzima hakimbii asubuhi amefunga kikwembe kifuani ila kuna maiti. Nilipopita msikitini mama mmoja akaniona, akatupa ufagio wake, akanifuata. Wawili wakamfuata. "Nani? Nani amekufa?" Mimi pumzi zote zimeisha, siwezi kujibu, natikisa mkono tu, warudi. Wakaona natikisa mkono, wakajua ni mtu wa karibu sana. Wakaanza kulia. Nilipofika ukingo wa mto Lualaba nilikuwa na watu kama hamsini nyuma yangu, wengine wamejishika kichwa, na mzee mmoja wa mitumbwi tayari ameuliza maiti itavushwa ng'ambo au itazikwa huku.

"Hakuna aliyekufa," nikasema nilipopata pumzi. "Napunguza kilo."

Kisha mama wa ufagio akasema, "Unapunguza kilo. Kwa ugonjwa gani?"

Wiki ya tatu mambo yakawa mabaya zaidi. Mashavu yaliingia ndani, na habari zikafika Kibombo kwa ndugu zangu kwamba Asumani hamlishi dada yao. Wakapanda treni, kaka zangu wawili, wakaingia nyumbani bila hodi, wakakaa.

"Shemeji," mkubwa akasema, "sisi tulikupa mwanamke aliyejaa mlango. Huyu hapa ni nani?"

"Ni Parti," Asumani akajibu kwa sauti ndogo.

"Parti njo inapika hapa kwako?"

Walikaa siku nne kuhakikisha ninalishwa. Kila jioni nilipika sufuria kubwa ya wali na kuku ili waamini, nao wakala yote kwa huzuni, wakitikisa vichwa, huku mimi nanusa na kumeza mate. Usiku nililia, nawaambia kweli. Nililia kwa njaa nyumbani mwenye mchele magunia saba.

Na sokoni je? Wateja walinipita. Wanashika mchele wangu, wananitazama mimi, wanarudisha mchele. "Mama Aziza, kama weye mwenyewe haukushibishi..." Mmoja alinunua kikombe kimoja kwa kunionea huruma, akaniwekea na chungwa juu.

Jumamosi ya tano Asumani alisoma kilo sabini na nne, safari hii kwa kunong'ona, akatetemeka kwa kuvunja kanuni. Kilo kumi na saba zimeondoka! Nikamtazama Okito nikingojea sifa.

"Sabini na nne sio sitini," akasema, akifuata mstari wa jedwali kwa kidole. "Mama Aziza, acha bendera ya pembeni, simama nyuma. Philomène atasimama katikati."

Philomène alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, kilo hamsini na mbili, mwenye sauti ndogo ya kuombea chumvi kwa jirani. Jina lake nalo lilikuwa limekatazwa, lakini hata Okito mwenyewe alikuwa hajui tumwite nani. Akasimama katikati, akaanzisha wimbo, na wanawake arobaini wakabaki kimya kwa sababu hatukujua kama ameanza. Nikajaribu kumsaidia kutoka nyuma. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kimekauka, kikakatika njiani, na nikalazimika kumshika Katungu bega nisianguke.

Hapo niliogopa kweli. Kiuno kitarudi, lakini sauti je? Nilikuwa nimetoa ile sauti ili niruhusiwe kusimama mahali pa kuitumia. Akili gani hiyo?

Baada ya mazoezi Philomène alinifuata nyuma ya ukuta. "Mama Aziza, usinikasirikie," akasema. "Mimi sikuomba. Wiki tatu nakula machungwa tu, naogopa nikiongezeka nitapigiwa kelele gare. Nikilala naota sahani ya bukari."

Nilikuwa nimejipanga kumchukia yule mtoto. Aka! Ningemchukiaje? Nikampa lile chungwa la mteja, halafu nikakumbuka machungwa njo yanamuua, tukacheka wote wawili mpaka tukakaa chini.

Siku saba kabla ya sikukuu, treni ikaleta vikwembe vya sare kutoka kwa wakubwa wa Parti. Tukafungua mzigo. Kila kikwembe kilikuwa na picha moja tu katikati, uso wa Guide, mkubwa, mpana kuliko sinia ya karamu, na kofia yake na miwani yake. Pamoja na mzigo mulikuwa na barua. Okito akaisoma kwa sauti: uso wa Guide ukae mbele, uonekane wote, sikio hadi sikio, usikunjwe, usikatwe. Atakayeukunja atajieleza.

"Philomène, vaa tuone," Okito akaamuru.

Philomène akakifunga. Tukatazama. Mbele ilionekana pua, mdomo, na kioo kimoja na nusu cha miwani. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda nyuma ya binti. Alipopiga hatua moja ya kucheza, pua ikakunjika.

"Mama yangu!" Katungu akasema. "Hata Guide wamempunguza kilo!"

"Nyamaza!" Okito akatazama kushoto, kulia, na juu ya ukuta. Jasho lilianza kumtoka. Akawavalisha wa pili, wa tatu, mstari wote wa mbele, wasichana wake wepesi aliowachagua kwa jedwali. Guide mmoja hana masikio, mwingine hana kidevu. Tulipojaribu kupanga wawili kwa uso mmoja, wakashindwa kutembea.

Jioni ile ile Okito akabisha mlangoni kwangu. Hakuja na filimbi. Alibeba sufuria, na harufu yake ilinifikia kabla hajaingia: kuku wa mawese, wali, na samaki wa kukaanga juu.

"Mama Aziza," akasema, sauti ya mtoto mzuri. "Kula, mama. Siku sita, kula bila kuogopa. Ukirudia themanini na tano, tisini, unarudi katikati. Natoa neno langu."

Nisiseme uongo, mkono wangu ulikwenda kwenye mfuniko wenyewe. Nafasi yangu ilikuwa pale, ndani ya sufuria ile. Kula tu, basi. Lakini kitu kikanipanda kutoka tumbo lililo wazi wiki tano, na hakikuwa njaa.

"Sitwayeni," nikamwambia, "wiki ya kwanza mwili wangu ulikuwa mkubwa kwa macho ya Komiseri. Leo ni mdogo kwa uso wa Guide. Kesho ikija barua nyingine utanitaka niwe mrefu?"

"Mama, elewa. Mwili wa mwanaanimasio ni wa Parti."

"Tulizaliwa wanachama wote, sawa. Wanasema hata mtoto tumboni ni mwanachama. Lakini hiki kiuno, Okito, hakina kadi!"

Asumani aliruka kufunga dirisha. Na mimi mwenyewe nilisikia nilichosema, nikakaa.

Kisha nikamtuma binti yangu awaite Katungu na Philomène. Wakaja, tukanawa mikono, tukafunua sufuria, tukala. Tulikula mbele yake kwa utaratibu, kuku, samaki, wali, mpaka tukakwangua. Philomène alilia na paja la kuku mdomoni. Okito alitutazama kwa furaha, alidhani ameshinda.

"Asante," nikasema nilipomaliza. "Tumekula kwa sababu tulikuwa na njaa. Sasa sikiliza. Kwenye mizani yako hakuna mwanamke atakayepanda tena. Sio kupungua, sio kuongezeka."

"Na mstari wa mbele?"

"Wa kuimba watasimama mbele. Wa sauti ndogo watasimama palipo raha kwao. Tutavaa vikwembe vyetu vya nyumbani."

"Na uso?" Alikaribia kulia. "Mama Aziza, uso nitauweka wapi? Watanifunga!"

"Tafuta tumbo," Katungu akasema.

Wallahi hatukupanga. Macho yetu sita yalikwenda yenyewe, polepole, yakatulia kwenye vifungo vya abakosti yake.

"Aka," akasema Okito. "Aka, aka, aka."

Lakini alikuwa na siku sita na barua mfukoni. Asubuhi yake fundi wa cherehani akaitwa uwanjani ageuze vikwembe kuwa mashati ya wanaume. Sikuli na wapiga ngoma wenzake walipimwa kwanza, na Guide akakaa vizuri juu yao, sikio hadi sikio. Sikuli alijitazama akafurahi. Kisha ikaja zamu ya Okito. Fundi alikuwa mfupi, hakuweza kumzungusha kamba, basi Katungu akashika upande mmoja na mimi upande wa pili. Okito alisimama juu ya sanduku, amevua koti, mikono juu, na wanawake arobaini wamemzunguka.

"Sentimeta mia moja na kumi na mbili!" Katungu akasoma kwa sauti, mwenye mzigo asikie.

"Ageuke kidogo," mmoja akasema.

"Usivute pumzi, sitwayeni, liache litoke."

"Lipumzike!"

"Upande wa kushoto limelegea. Mnaona? Pale, juu ya mkanda."

"Na mgongo je, mgongo mnauonaje?"

Mimi nilicheka mpaka machozi, sitaficha. Nilimlipizia kila kilo. Ndipo nikaona mikono yake inashuka. Akajifunika tumbo kwa viganja vyote viwili, namna mtu anavyojifunika akikutwa mtoni anaoga.

"Wamama, msinitazame hivyo," akasema.

"Hivyo namna gani?" nikauliza.

Akatafuta neno. "Hivyo. Kana kwamba mimi mwenyewe siko hapa."

Kicheko kikakatika. Sikuli aliacha kugusa ngoma. Na katika kimya kile, Philomène akasema kwa ile sauti yake ndogo, na safari hii uwanja mzima ulimsikia.

"Sitwayeni, wewe ni dakika tano. Sisi ni wiki sita."

Okito alimtazama yule binti. Akatutazama mmoja mmoja, usoni, naapa usoni, nadhani mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kinshasa. Hakuomba msamaha, mtu wa Parti hajui maneno hayo. Aliinua mikono tena, mwenyewe, taratibu, akafumba macho, na Katungu akamaliza kupima bila kusoma.

Kipimo kilipoisha tukajipanga kwa mazoezi, na Philomène akatoka katikati ya mstari wa mbele, akaja kusimama pembeni yangu, na pale alipokuwa pakabaki wazi. Hakuna aliyenisukuma wala aliyeniita. Nikaenda. Sauti ilikuwa bado ina mikwaruzo na nilikuwa na woga haitatoka. Nikafungua kinywa, ikatoka, na nyuma yangu wanawake arobaini wakaitikia.